Njia Moja, Funguo Nyingi: Jinsi ya Kuhama Huduma ya Televisheni ya Intaneti

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya kurushia matangazo ya televisheni ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, na matangazo ya dijitali yakashika nafasi yake. Tangu siku hiyo neno king'amuzi likawa la kawaida katika kila nyumba yenye televisheni. Kila kampuni ilikuja na kisanduku chake, na kwa kawaida kisanduku cha kampuni moja hakikuweza kufungua matangazo ya nyingine. Mtazamaji aliyetaka kuhama alilazimika kununua king'amuzi kipya, pengine na antena au dishi jipya, na kile cha zamani kikabaki kabatini kikikusanya vumbi.

Siku hizi watazamaji wengi wanapokea vipindi kwa njia ya intaneti. Kisanduku kimetoweka, na mahali pake pameshikwa na programu ndogo inayowekwa katika simu, kompyuta au televisheni yenyewe. Kwa mtazamo wa haraka, mtu angedhani kwamba kuhama kutoka huduma moja kwenda nyingine sasa ni jambo la kubonyeza tu. Hata hivyo, watu wengi wanaohama hujikuta wakilipa mara mbili, au wakipoteza vipindi walivyorekodi, au wakigundua kwamba televisheni yao haiwezi kuonyesha huduma mpya hata kidogo. Chanzo cha matatizo hayo ni kutotofautisha mambo mawili: njia ipitishayo picha, na ufunguo ufunguao picha hiyo.

Picha inavyosafiri

Picha ya televisheni ya kiwango cha juu ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Iwapo rangi ya kila nukta itaandikwa kwa biti 24, na picha 25 zikapita kila sekunde, basi zitahitajika megabiti 1,244 hivi kwa kila sekunde. Ni nyumba chache mno ziwezazo kupokea mzigo huo. Kwa hiyo picha hubanwa kwanza: sehemu zisizobadilika kati ya picha moja na ifuatayo hazirudiwi, na mambo madogo ambayo jicho haliyatambui huachwa. Baada ya kubanwa, mzigo huo huweza kushuka hadi megabiti 5 kwa sekunde, yaani karibu sehemu moja ya 250 ya ule wa awali.

Kisha kipindi hukatwa vipande vifupi, kila kimoja kikiwa na urefu wa sekunde chache tu. Kila kipande hutayarishwa katika viwango kadhaa vya ubora, na huambatana na orodha inayoeleza vipande vyote vinapatikana wapi. Programu ya mtazamaji husoma orodha hiyo, kisha huomba kipande kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu uleule utumikao kufungua ukurasa wowote wa intaneti. Kampuni ya Apple ilitoa mtindo wake wa kazi hii mwaka 2009, na mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha kanuni iitwayo DASH. Huduma nyingi za leo hufuata mojawapo ya mitindo hiyo miwili.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mwenye kutaka kuhama. Waya uliokuja nyumbani, mnara wa simu na kifaa cha kugawa intaneti havijui ni huduma gani inayotazamwa. Kwa vifaa hivyo, kipande cha filamu ni data kama data nyingine yoyote. Njia, basi, ni moja kwa wote, na haina haja ya kubadilishwa.

Pipa la akiba

Nyumba yenye maji ya bomba yasiyo na uhakika huweka pipa. Maji yakitoka kwa wingi pipa hujazwa. Yakikatika, watu hutumia akiba. Programu ya televisheni hufanya vivyo hivyo. Hupokea vipande kabla ya wakati wake na kuviweka katika hifadhi ya muda, huku ikipima jinsi vinavyoingia. Akiba ikipungua, huomba vipande vya ubora wa chini. Ikiongezeka, hupanda tena. Ndiyo sababu picha huweza kufifia ghafla bila kusimama, kisha ikang'aa tena baada ya muda mfupi.

Wanafunzi wanaweza kulithibitisha jambo hili kwa jaribio rahisi. Kipindi kilichorekodiwa kichezwe kwa dakika mbili, kisha intaneti ya kifaa ikatwe. Picha haitasimama papo hapo, bali itaendelea kwa muda fulani. Muda huo ndio kipimo cha akiba. Jaribio lirudiwe kwa matangazo ya moja kwa moja, na kwa kawaida akiba itaonekana kuwa ndogo zaidi, kwa kuwa kipande ambacho hakijatengenezwa hakiwezi kuwekwa pipani. Kutokana na kazi ya kukata, kubana na kukusanya vipande, matangazo hayo huchelewa pia. Katika mechi ya mpira, jirani anayetumia antena huweza kushangilia bao ambalo mwenye kutumia intaneti bado hajaliona. Huduma mbili tofauti huchelewa kwa kiasi tofauti, na hilo ni jambo la kupimwa kabla ya kuhama.

Hesabu ya data nayo isisahauliwe. Huduma itumiayo megabiti 3 kwa sekunde hutumia megabiti 10,800 kwa saa moja. Kwa kuwa baiti moja ni biti nane, hizo ni megabaiti 1,350. Mwenye kifurushi cha megabaiti 10,000 ataweza kutazama kwa saa saba na dakika ishirini na nne hivi. Akishusha ubora hadi megabiti 0.8 kwa sekunde, kifurushi hichohicho kitadumu kwa saa 27 na zaidi. Huduma ambayo haimruhusu mtazamaji kuchagua ubora wa chini inaweza kuonekana nafuu katika tangazo, lakini ikawa ghali mno kwa mwenye kulipia data.

Ghala la karibu

Huenda ikaulizwa: ikiwa njia ni moja, kwa nini huduma moja hutulia na nyingine hukatikakatika katika nyumba ileile? Jibu ni umbali wa ghala. Kampuni kubwa huweka nakala za vipindi vyao katika kompyuta zilizo karibu na watazamaji. Netflix, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2012 mpango wake wa kupeleka kompyuta za namna hiyo kwa makampuni ya intaneti. Huduma isiyo na ghala la karibu hulazimika kuleta kila kipande kutoka nchi ya mbali.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Katika hali kama hiyo, filamu iliyokwisha kuwekwa katika ghala la nchini haihitaji kuvuka bahari, ingawa ombi la ufunguo wake huenda bado likahitaji safari hiyo. Na hapa ndipo suala la ufunguo linapoanza.

Ufunguo na mwenye ufunguo

Vipande vya vipindi vya kulipia husafiri vikiwa vimeandikwa kwa fumbo. Anayevinasa njiani hataona picha, bali mchanganyiko wa tarakimu usio na maana. Programu inapotaka kucheza kipindi, huomba ufunguo kutoka kwa kompyuta ya mwenye huduma, nayo huuliza: Je, mtu huyu amelipa? Yuko katika nchi inayoruhusiwa? Kifaa chake kinaaminika? Majibu yakiridhisha, ufunguo hutolewa, mara nyingi kwa muda maalumu.

Mifumo mitatu ya kufuli ndiyo inayojulikana zaidi: Widevine ya Google, FairPlay ya Apple na PlayReady ya Microsoft. Televisheni ya zamani, au ya bei nafuu isiyo na mfumo unaotakiwa, huweza kupokea vipande vyote barabara na bado isionyeshe kitu, au ionyeshe kwa ubora wa chini tu. Fundi akija kukagua intaneti hataona kasoro, maana kasoro haiko katika njia.

King'amuzi, kwa hiyo, hakikufa. Kimeacha kuwa kisanduku na kuwa programu na akaunti, na kila kampuni bado ina chake.

Mafunzo kutoka Marekani na Afrika

Mwezi Machi 2015 kampuni ya Sony ilianzisha nchini Marekani huduma iitwayo PlayStation Vue, iliyoleta chaneli za televisheni kwa intaneti badala ya kebo. Watazamaji waliweza kurekodi vipindi, lakini rekodi zenyewe ziliwekwa katika kompyuta za kampuni wala si nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba 2019 Sony ilitangaza kwamba huduma hiyo ingefungwa, ikitaja gharama kubwa za vipindi na za mikataba na vituo vya televisheni. Tarehe 30 Januari 2020 ikafungwa.

Watazamaji walikuwa na miezi mitatu ya kuhamia kwingine. Intaneti yao haikubadilika, na wengi hawakuhitaji hata kubadili televisheni. Lakini hapakuwa na njia ya kuhamisha rekodi zao kwenda huduma nyingine. Kilichokuwa kikiitwa rekodi yangu kilikuwa, kwa kweli, ruhusa ya kutazama nakala ya mtu mwingine.

Hata asiyehama huweza kupatwa na jambo hilo. Kuanzia tarehe 30 Oktoba hadi tarehe 14 Novemba 2025, chaneli za Disney ziliondolewa katika huduma ya YouTube TV huko Marekani kwa sababu ya mzozo wa mkataba. Vipindi vya chaneli hizo vilivyokwisha kurekodiwa navyo havikupatikana kwa kipindi hicho. Barani Afrika, huduma ya Showmax ilipojengwa upya mwezi Februari 2024 juu ya mitambo ya huduma ya Peacock ya Marekani, wateja wake walilazimika kuhamia programu mpya ingawa jina la huduma lilibaki lilelile.

Utaratibu wa kuhama

Kutokana na maelezo hayo, utaratibu wa kuhama kwa utulivu unaweza kupangwa kama ufuatavyo.

Kwanza, mtazamaji aandike orodha ya vipindi na chaneli anazozitazama kweli, kisha aulize ni zipi ambazo huduma mpya ina haki ya kuzionyesha katika nchi yake. Haki hizo hutolewa nchi kwa nchi. Kilichopo Nairobi si lazima kiwepo Kigali.

Pili, ahakikishe kwamba kifaa chake kimo katika orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na huduma mpya. Kasi ya intaneti peke yake haitoshi.

Tatu, aijaribu huduma mpya kabla ya kuiacha ya zamani, na jaribio lifanywe jioni, wakati majirani wengi nao wanatumia intaneti. Huduma iliyojaribiwa saa nne asubuhi haijajaribiwa. Aangalie kiasi cha data kabla na baada ya saa moja, apate kujua gharama halisi.

Nne, amalize kutazama vipindi alivyorekodi katika huduma ya zamani, na anakili kwa mkono orodha ya vile anavyotaka kuvifuata. Rekodi hazihamishiki; orodha huhamishika kwa kalamu.

Tano, asitishe malipo kwa utaratibu rasmi. Kufuta programu katika simu hakukatishi mkataba. Kama malipo yalianzishwa kupitia duka la programu, ni lazima yasitishwe hukohuko dukani. Uthibitisho wa kusitisha utunzwe, na tarehe ya malipo yajayo iangaliwe ili huduma mbili zisilipiwe kwa mwezi mmoja bila kukusudia.

Sita, aiondoe akaunti yake katika kila kifaa ambacho hakitumii tena, hasa televisheni inayouzwa au iliyoko katika nyumba ya kupanga.

Kilicho cha mtazamaji

Kenya iliruhusu wateja wa simu kuhama kampuni bila kubadili namba mwaka 2011, na Tanzania ikafanya hivyo mwaka 2017. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupewa taarifa zake binafsi katika mpangilio unaosomeka na kompyuta, ili aweze kuzipeleka kwingine. Haki hiyo huhusu taarifa za mtu. Haimpi nakala ya filamu, kwa kuwa filamu ina mwenyewe.

Jambo hili linawagusa walimu moja kwa moja. Shule inayotegemea vipindi vya elimu kutoka huduma ya kulipia imeazima maktaba ambayo mlango wake unaweza kufungwa kwa uamuzi wa ofisi ya mbali, na kulipa ada kwa wakati si kinga ya kutosha. Yafaa mwalimu atambue mapema ni vipindi gani ambavyo wenyewe wameruhusu vipakuliwe na kutunzwa, avihifadhi katika kompyuta ya shule, na kuvitumia vile vya kulipia kama nyongeza. Siku huduma itakapofungwa au kuhamwa, somo la wiki hiyo litaendelea.