Mitishamba na Mtoto Wako: Mwambie Muuguzi Ulichompa

  Kama uko jikoni, punguza moto na uongeze sauti ya redio kidogo. Leo tunazungumzia jambo linalopatikana katika maboma mengi kuanzia Maua hadi Siakago, lakini ambalo likifika mlangoni mwa zahanati hunyamaziwa. Jambo hilo ni mitishamba.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika zahanati moja ya sehemu za chini, kule kwenye joto. Foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja aliniambia kwamba amempa mtoto wake dawa ya mizizi. Nikamfokea mbele ya watu wote. Nilidhani ninafundisha.

Baada ya muda mfupi aliingia mama mwingine, na mtoto wa miezi 4. Mtoto amelegea, anapumua mbiombio. Nikauliza, "Umempa dawa gani nyumbani?" Akajibu, "Sijampa kitu, sista." Nami nikaandika hivyo hivyo. Baadaye nyanya ya mtoto, aliyekuwa ameketi nje, aliingia polepole akatoa chupa ya soda kutoka kwenye kiondo. Mtoto alikuwa amenyweshwa dawa chungu ya kuchemshwa, kijiko asubuhi na kijiko jioni, kwa siku 3. Tulimpeleka hospitali kubwa, akapatikana na nimonia, na namshukuru Mungu alipona. Lakini siku 3 zilikuwa zimepotea nyumbani, na muda mwingine ukapotea mikononi mwangu.

Mama yule hakuwa mwongo. Aliogopa ulimi wangu. Ndiyo sababu leo sikuja kugombeza mtu. Nimekuja tuelewane.

Je, mitishamba haina maana?

Ina maana. Nyingi ya dawa tunazotumia hospitalini zilianzia kwenye mimea. Kwinini, iliyotibu malaria kwa miaka mingi, ilitoka kwenye gamba la mti wa Amerika ya Kusini. Na dawa ya malaria tunayompa mtoto wako leo, ile ya vidonge vya AL, ina kiini kilichotoka kwenye mmea uitwao artemisia.

Wachina walitumia artemisia kutibu homa tangu zamani sana. Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa kike wa China, Tu Youyou, alisoma kitabu cha kale cha matibabu. Aligundua kwamba mmea ule ulilowekwa kwenye maji baridi ukakamuliwa, haukuchemshwa. Akaelewa kwamba joto jingi huenda linaharibu dawa. Yeye na wenzake wakatafuta njia ya kutoa kiini chake bila kukiunguza, wakakijaribu kwa wanyama, kisha kwa watu, wakijijaribu wao wenyewe kwanza. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel. Hapa Kenya, AL ilianza kutumika kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006.

Kwa hivyo, mtu akikuambia kwamba hospitali inadharau majani, mwambie hospitali inayatumia kila siku.

Basi kwa nini nisichemshe majani mwenyewe?

Hili ni swali zuri. Jibu ni kipimo. AL hutolewa kwa kufuata uzito wa mtoto, mara 6 kwa siku 3. Kila kidonge kina kiasi kile kile cha dawa. Tena kiini cha artemisia kimeunganishwa na dawa ya pili, ili vijidudu vya malaria visizoee.

Sasa tazama sufuria yako. Majani ya mti mmoja hayana nguvu sawa na ya mti mwingine. Udongo, mvua, umri wa mti na wakati wa kuchuma huleta tofauti. Mmoja huchemsha konzi moja, mwingine konzi tatu. Mmoja huchemsha kwa dakika 5, mwingine kwa saa nzima. Huwezi kujua kama kijiko chako ni kidogo mno au ni kikubwa mno. Kikiwa kidogo, malaria hubaki mwilini huku homa imeshuka kwa muda, na mama hudhani mtoto amepona. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba haliungi mkono chai au unga wa artemisia kwa kutibu au kuzuia malaria.

Kikiwa kikubwa mno, tutazame mwarobaini. Mti huu una asili yake India na nchi jirani, na umetumika kwa karne nyingi katika Ayurveda, yaani matibabu ya jadi ya Kihindi. Kwetu hustawi sehemu za joto, na watu husema hutibu magonjwa 40. Lakini mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti juu ya watoto wachanga waliopewa mafuta ya mbegu za mwarobaini kwa maradhi madogo madogo. Watoto hao walitapika, wakalala usingizi mzito, wakapumua mbio na kupata degedege. Wengine walifariki.

Msikilizaji, sikiliza tena dalili hizo: kutapika, usingizi, kupumua mbio, degedege. Mtoto mwenye malaria kali au nimonia pia anaweza kuja hivyo hivyo. Kama mama hajaniambia kuhusu chupa, nitajuaje ninatibu nini?

Mtoto mchanga si mtu mzima mdogo. Ini na figo zake, ambazo husafisha dawa mwilini, bado hazijakomaa. Kiasi ambacho cucu anakunywa bila shida kinaweza kumdhuru mjukuu.

Na zile dawa za pakiti?

Siku hizi dawa za miti huuzwa zikiwa kwenye chupa nzuri zenye lebo. Nyingine ni za hapa nchini, nyingine hutoka China au ni za Ayurveda kutoka India. Huuzwa madukani, sokoni, kwenye matatu na hata kwa simu.

Pakiti nzuri si ushahidi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya mji wa Boston na kuzipima. Dawa 14, yaani 1 kati ya kila 5, zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaoendelea kukua. Huioni kwa macho wala huisikii kwa ulimi.

Sisemi dawa zote za namna hiyo ni sumu. Ninasema usimpe mtoto dawa kwa sababu tu imeandikwa "asilia". Sumu ya nyoka pia ni asilia. Uliza: Imesajiliwa na serikali? Imeandikwa vilivyomo ndani? Ina tarehe ya kuharibika? Ina kipimo cha mtoto? Muuzaji akisema dawa moja inatibu kisukari, presha, malaria na tumbo la mtoto, hifadhi pesa zako. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inatambua tiba ya jadi, na inataka isimamiwe kwa utaratibu ili wananchi walindwe.

Mtoto wa chini ya miezi 6

Huyu mpe maziwa ya mama pekee. Usimpe maji, chai ya majani, wala dawa ya tumbo ya kienyeji. Maji ya chupa ya soda iliyooshwa haraka huleta kuhara, na tumbo dogo likijaa dawa halina nafasi ya maziwa. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua. Akishapita mwaka 1, asali kidogo inaweza kutuliza kikohozi. Unaona, si kila kitu cha nyumbani tunakikataza.

Mtoto akihara, mpe maji ya ORS, mchanganye kama pakiti inavyoeleza, na upate vidonge vya zinki kutoka kituo cha afya. Endelea kumnyonyesha.

Mama mjamzito

Kuna dawa ambazo wengine hupewa ili uchungu uje haraka. Usikubali. Dawa ya namna hiyo inaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, mtoto akakosa hewa, au mfuko ukapasuka. Na kama unatumia dawa za ARV, za kifafa, za presha au za sukari, usiziache kwa sababu ya mitishamba, wala usizichanganye bila kutuambia.

Dalili zisizongoja

Ukiona mojawapo ya hizi, usichemshe kitu. Beba mtoto uende:

1. Anashindwa kunyonya au kunywa.
2. Anatapika kila kitu.
3. Amepata degedege.
4. Amelegea, au anaamka kwa shida.
5. Sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi.
6. Anapumua mbio. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima ukitumia saa ya simu. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi.
7. Ni wa chini ya miezi 2 na ana joto jingi, au mwili wake umekuwa baridi.

Ukifika kituoni

Sema mambo manne: ulimpa nini, kiasi gani, mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kama hujui jina la mti, beba chupa, jani au gamba lenyewe. Kama ni mama mkwe au cucu aliyempa, mwombe mje pamoja. Yeye hakutaka kumdhuru mtoto. Anajua historia ya mtoto, na anaheshimika nyumbani. Akielewa yeye, boma lote limeelewa.

Nasi wauguzi tuna kazi yetu. Tuulize kwa upole, tena faraghani, si mbele ya foleni. Siku hizi mimi huuliza hivi: "Mama, wengi wetu hujaribu kitu nyumbani kwanza. Wewe ulijaribu nini?" Tangu nianze kuuliza hivyo, chupa nyingi zimetoka kwenye viondo.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeficha dawa naye yuko katika njia hiyo hiyo. Muuguzi akikukaripia, vumilia, lakini sema. Karipio litapita. Mtoto ndiye unayetaka kurudi naye nyumbani.

 

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mtoto akiugua katika boma lenu, ni nani huamua apewe nini?
2. Ni dalili zipi zinazotuonyesha kwamba hatufai kungoja hadi kesho?
3. Ni nini hutufanya tuogope kumwambia muuguzi ukweli, na tunaweza kusaidianaje?