Nani Anainyonya Betri Usiku?

Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku magari binafsi katika barabara za Uganda ili kuzuia Korona isisambae. Siku 14 alizozitangaza ziliongezwa, zikaongezwa tena, na magari hayo hayakuruhusiwa kutembea hadi tarehe 26 Mei, tena yakiwa na watu wasiozidi watatu. Kwa mtu ambaye gari lake lilikaa uani siku zote hizo 57 bila kuguswa, hesabu ya betri ilikuwa imeshafungwa kabla hajashika ufunguo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari likizimwa na milango ikafungwa, viko vitu ndani yake visivyozimika: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini, alamu, na kipokezi kinachosubiri rimoti ya milango. Kwenye gari lisilo na hitilafu, vyote kwa pamoja hula kiasi cha miliampea 20 hadi 50. Umeme huo hautoshi hata kuwasha vizuri taa ndogo ya ndani. Lakini bandu bandu huisha gogo: miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Betri ya gari ya saizi ambayo madukani huitwa NS60 hubeba kama ampea-saa 45. Zidisha 1.2 kwa siku 57, jibu linapita 68. Hata gari linalokula miliampea 20 tu lingekuwa limeshatumia zaidi ya nusu, na betri ya gari ikishuka chini ya nusu haina uhakika wa kuzungusha injini.

Wengi hudhani kinachoimaliza betri ni stata. Ni kweli stata ni mlafi, huvuta ampea 200 hivi kwa mkupuo, ila huvuta kwa sekunde mbili tatu tu. Ukipiga hesabu, haifiki hata ampea-saa 0.2. Saa 12 za usiku mmoja kwa miliampea 50 zinakula 0.6, yaani mara tatu ya hapo. Tofauti ni kwamba injini ikishawaka, altaneta hurudisha kilichotumika. Gari lililoegeshwa halina wa kulirudishia.

Hayo ni matumizi halali. Balaa huanza pale kinapoongezeka kisichotakiwa.

Taa kubwa zikisahaulika zinawaka, betri haifiki asubuhi: balbu mbili za wati 55 huvuta kama ampea 9, na saa tano zinatosha kuimaliza NS60. Taa ya buti ni ndogo ila ina hila zaidi, maana swichi yake ikikwama taa inabaki inawaka mahali ambapo hakuna anayeiona. Balbu ya wati 5 hunywa karibu ampea-saa 10 kwa siku. Siku ya tatu gari haliwaki, na mwenye gari anamlaumu aliyemuuzia betri.

Redio nayo ina kisa chake. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na redio za huko, ambako FM huanzia 76, na zile za zamani huishia 90. Afrika Mashariki vituo viko kati ya 88 na 108, kwa hiyo redio hung'olewa na kufungwa nyingine. Kwa kawaida redio mpya ina waya wa njano unaopata umeme wakati wote ili vituo visifutike, na mwekundu unaopaswa kupata umeme ufunguo ukifunguliwa tu. Fundi mwenye haraka huzisokota zote mbili pamoja kwenye waya wenye umeme wa kudumu. Redio inaimba vizuri, mteja analipa, na tangu siku hiyo redio haizimiki kabisa hata kioo chake kikiwa cheusi. Alamu za kuongeza na vifaa vya kufuatilia gari kwa GPS hufungwa kwa mtindo uleule, na gari moja laweza kuwa navyo vyote vitatu.

Mwingine ni altaneta yenyewe. Ndani yake mna dayodi, ambazo kazi yake ni kuruhusu umeme uende upande mmoja tu, kwenye betri. Dayodi moja ikiungua, umeme hurudi kinyumenyume gari likiwa limezimwa. Hapo ndipo watu hununua betri mpya mara mbili kwa mwaka bila kupata nafuu.

Kabla ya kununua, ni vyema kupima. Fundi umeme wa magari mwenye mita ya kawaida anaweza kumaliza kazi kwa saa moja. Hufungua waya wa hasi, akaiweka mita upande wa ampea 10 kati ya waya huo na kichwa cha betri, akafunga milango yote, akasubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi: kompyuta za gari huchukua dakika 20, nyingine karibu saa nzima, kabla ya kutulia. Wakati huo hakuna kugusa ufunguo, la sivyo fyuzi ya mita inaungua. Namba ikibaki juu ya miliampea 50, huchomoa fyuzi za gari moja baada ya nyingine mpaka namba ishuke ghafla. Fyuzi zikiisha bila mabadiliko, wa kushukiwa ni altaneta.

Ukiwa na mita nyumbani, pima volti asubuhi kabla ya kuwasha. Betri iliyojaa husoma 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.5.

Joto nalo linachangia. Betri ya risasi na asidi hupoteza chaji hata ikikaa peke yake bila waya, na kasi hiyo huongezeka karibu maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Gari lililoanikwa juani Tanga au Mombasa linaumia kuliko la Limuru. Baya zaidi, betri ikikaa bila chaji, bamba zake huota salfeti ya risasi inayogeuka kuwa ngumu. Kuichaji baadaye hakurudishi uwezo wote.

Anayesafiri wiki tatu na zaidi, dawa rahisi ni spana namba 10: kulegeza waya wa hasi na kuuweka pembeni, akishahakikisha ana namba ya siri ya redio kama inaidai. Kumwachia ndugu ufunguo "aliwashe dakika tano" hakusaidii sana, afadhali alitembeze nusu saa kila wiki. Mwenye Prius asidhani betri kubwa ya haibridi itamwokoa. Kompyuta zake huamshwa na betri ndogo ya volti 12, na hiyo ikiisha gari haliwaki. Katika matoleo mengi betri hiyo iko kwenye buti linalofunguka kwa umeme, ndiyo maana Toyota waliweka chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi, sehemu ya kushikia waya wa kubusti.