Keekee ya Barafu: Istilahi za Chombo Kitumiacho Propani Katika Baridi Kali

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya tafsiri tuipitie. Ilikuwa maelezo ya matumizi ya chombo ambacho wengi wetu hatujapata kukiona: mashine ndogo ya kutobolea barafu ya ziwa, iendeshwayo kwa gesi ya propani. Maelezo hayo yalikusudiwa wasemaji wa Kiswahili waishio Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ambako maziwa huganda kila majira ya baridi na watu hutembea juu yake kwenda kuvua.

Kiswahili cha rasimu hiyo kilikuwa safi, na sarufi yake haikuwa na dosari. Hata hivyo, mtu ambaye angeyafuata maelezo yale neno kwa neno angeweza kujikuta na mashine isiyowaka, au akajikuta amesimama mahali pa hatari. Makosa yote yalikuwa ya istilahi. Tumeona inafaa tuyaeleze hapa, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja: mfasiri aliyatafutia maneno mambo ambayo hakuwa ameuliza yanavyofanya kazi.

1. Chombo chenyewe

Chombo hiki kina injini ndogo juu, mipini miwili ya kushikia, na mhimili mrefu uliozungushiwa ubapa wa chuma kama parafujo. Mwishoni mwa mhimili mna visu. Injini izungukapo, visu hukwangua barafu na ubapa huzipandisha chenga zake juu, hata maji yatokeze. Rasimu ilikiita "mtambo wa kuchimba barafu". Neno "mtambo" ni kubwa mno kwa kitu kibebwacho na mtu mmoja, na "kuchimba" huleta picha ya jembe na sururu. Seremala wetu ana chombo cha kutobolea mbao kwa kuzungusha, nacho hukiita keekee. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni kitobolewacho. Kwa hiyo twapendekeza "keekee ya barafu": ya mkono ikiwa huzungushwa kwa nguvu za mtu, na ya injini ikiwa ina injini.

Vivyo hivyo, kinachopatikana ni "tundu" na wala si "shimo". Shimo lina kitako. Tundu hutokea upande wa pili. Mvuvi hupitisha mshipi wake katika tundu, ambalo aghalabu huwa na upana wa sentimita 20 au 25. Shughuli yenyewe tuiite "uvuvi wa barafuni". Tukisema "uvuvi wa barafu" msomaji aweza kudhani kinachovuliwa ni barafu.

2. Barafu na theluji

Maneno haya mawili tunayo tangu zamani. "Theluji" tumeipata katika Kiarabu, na "barafu" ina asili ya Kiajemi, ambako maana yake ni theluji. Kiswahili kimeyagawia kazi: theluji huanguka kutoka mawinguni ikiwa laini, na barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Mgawanyo huu ni mzuri na hapana budi tuushike, maana katika maneno mengi ya kila siku twayachanganya.

Barafu ya ziwani nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza hutokana na maji ya ziwa yenyewe kuganda. Ni ngumu na yapenyesha mwanga. Ya pili hutokana na theluji iliyolowa maji kisha ikaganda. Ina viputo vya hewa ndani yake na ni nyeupe. Idara ya Maliasili ya Minnesota hushauri kwamba barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa inchi 4, yaani kama sentimita 10, kabla mtu hajatembea juu yake, na kwamba barafu nyeupe ihesabiwe kuwa na nguvu nusu tu, hivyo unene uongezwe mara mbili. Idara hiyo hutahadharisha pia kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa.

Rasimu iliiita barafu nyeupe "theluji". Msomaji angedhani anaambiwa habari za kitu laini kilichotanda juu, akifagie, kisha ahesabu kilichobaki. Mtu huyo angepima sentimita 10 za barafu nyeupe akaridhika. Kwa sababu hiyo twapendekeza "barafu angavu" na "barafu nyeupe", na neno "theluji" libaki kwa ile ambayo haijaganda ikawa gumba moja. Ifahamike pia kwamba theluji iliyotanda juu ya ziwa hulikinga na baridi kama blanketi, na hivyo hupunguza kasi ya barafu kunenepa.

3. Gesi, petroli na propani

Waamerika huiita petroli kwa neno fupi ambalo masikioni mwetu husikika kama "gesi". Rasimu iliandika "gesi" kila mahali, pamoja na pale palipolinganishwa keekee za petroli na keekee za propani. Matokeo yake yalikuwa sentensi isemayo kwamba gesi huacha utando katika kabureta lakini gesi haiachi.

Pale mfasiri alipotaka kutofautisha, aliandika "gesi ya kupikia". Hapa kosa ni zito zaidi. Gesi tunayopikia Afrika Mashariki aghalabu ni mchanganyiko wa propani na butani. Katika joto la kwetu zote mbili huvukiza vizuri. Lakini butani huchemka kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri ya Selsiasi. Baridi ikizidi hapo hubaki kiowevu ndani ya mtungi, isitoke. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Tofauti hiyo ndiyo sababu keekee hii ikatengenezewa propani. Mtu aliyeambiwa anunue "gesi ya kupikia" aweza kurudi na mkebe wa butani wa jiko la safari, akafika ziwani, akavuta kamba ya kuwashia mpaka mkono umuume. Propani basi iitwe propani.

4. Kuganda, kugandamizwa na kuwa kiowevu

Katika rasimu tulikuta "mtungi wa gesi iliyogandishwa", na mbele kidogo "katika baridi kali gesi huganda". Maneno "kuganda" na "kugandamiza" yanakaribiana kwa sauti, lakini katika sayansi yako mbali. Propani iliyomo mtunguni imegandamizwa hata ikawa kiowevu, haikugandishwa. Ili igande hasa hutakiwa baridi ya nyuzi 188 chini ya sifuri, ambayo haipatikani katika ziwa lolote duniani.

Kinachotokea ziwani ni jambo jingine. Injini huivuta propani ikiwa mvuke, nao mvuke husukumwa na kanieneo iliyomo ndani ya mtungi. Kwenye nyuzi 20 za joto kanieneo hiyo ni zaidi ya mara nane ya ile ya hewa ya nje. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hushuka hadi kama mara mbili na nusu. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri huizidi hewa ya nje kidogo sana, na mvuke hukosa kani ya kupita katika kidhibiti. Zaidi ya hayo, kila kiowevu kinapogeuka mvuke huchukua joto kutoka katika kile kilichobaki. Kwa hiyo mtungi mdogo ufanyao kazi hupoa kuliko hewa iliyouzunguka, na mara nyingi huota sakitu kwa nje. Ndiyo maana mashine yaweza kutoboa matundu mawili kwa nguvu, kisha ikalegea katika la tatu ilhali mtungi haujaisha.

Mtu akiambiwa gesi "imeganda" atataka kuiyeyusha, na kitu cha kwanza kitakachomjia akilini ni moto. Akiambiwa "mvukizo umepungua" ataelewa kwamba mtungi wahitaji vuguvugu tu. Wavuvi wazoefu huwa na mitungi miwili: mmoja hufanya kazi, na wa pili, ukiwa umefungwa barabara, hukaa ndani ya koti kupata joto la mwili. Mtungi usipashwe kwa mwali wa moto hata kidogo. Propani ni nzito kuliko hewa kwa kiasi cha mara moja na nusu. Ikivuja hutuama chini, na ndani ya hema la mvuvi hungoja cheche. Tena neno "safi" litumiwalo kuisifu propani lisimpotoshe mfasiri. Moshi wa injini hii una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Injini isiwashwe ndani ya hema au kibanda kilichofungwa.

5. Sifuri ya nani?

Vipimo vya joto nchini Marekani hutolewa kwa Farenhaiti, ambamo maji huganda kwenye nyuzi 32. Rasimu ilichukua tarakimu na kuacha kipimo. Basi "nyuzi 20" za Farenhaiti, ambazo ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri ya Selsiasi, zikasomeka kama jioni ya kupendeza. Na "nyuzi 20 chini ya sifuri" za Farenhaiti ni nyuzi 29 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Vipimo hivi viwili hukutana mahali pamoja tu, kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, karibu sana na pale propani inapokoma kufaa. Baridi ya namna hiyo si ya kubuni: tarehe 2 Februari 1996, huko Tower, Minnesota, ilipimwa nyuzi 60 chini ya sifuri ya Farenhaiti, yaani 51 ya Selsiasi. Siku kama hiyo propani iliyo nje hukaa kama maji katika chungu, na mvuvi hana budi kurudia keekee ya mkono.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Barafu angavu: barafu ya maji ya ziwa, ipenyeshayo mwanga.
Barafu nyeupe: barafu itokanayo na theluji iliyolowa ikaganda.
Kanieneo: msukumo wa gesi juu ya eneo fulani.
Keekee ya barafu: chombo cha kutobolea barafu kwa kuzungusha.
Kidhibiti kanieneo: kifaa kipunguzacho kanieneo ya gesi itokayo mtunguni, mafundi hukiita rigoleta.
Kiowevu: kitu katika hali ya majimaji.
Kugandamiza: kubana kitu kichukue nafasi ndogo.
Mvukizo: kugeuka kwa kiowevu kuwa mvuke.
Sakitu: umande au unyevu ulioganda juu ya kitu.
Tundu: uwazi uliotokea upande wa pili.
Uvuvi wa barafuni: uvuvi ufanywao juu ya maji yaliyoganda.

Wasomaji wataona kwamba karibu maneno yote haya tulikuwa nayo. Seremala alikuwa na keekee, walimu wa sayansi walikuwa na kanieneo na mvukizo, na watu wa nyanda za juu walikuwa na sakitu. Kilichopungua katika rasimu ile ni kuuliza swali moja kabla ya kuchagua neno: kitu hiki hufanya nini, na kikikataa kufanya hukataa kwa sababu gani? Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali waliulize swali hilo hata kwa vitu vilivyo karibu nasi zaidi. Wenye maoni kuhusu istilahi hizi watuandikie.