Nyangwe: soko ambalo hatupaswi kulisahau

Wageni wanaofika Kasongo hutuuliza: huku kuna nini cha zamani cha kuona? Sisi huwaelekeza Nyangwe, kwenye ukingo wa kuume wa Lualaba. Anayekwenda asitafute majengo kwanza. Asimame ukingoni, autazame mto.

Karibu mwaka 1860, wafanyabiashara kutoka pwani na Zanzibar walifanya kituo hapa, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Lakini soko la Nyangwe lilikuwa hasa soko la akina mama. Walikuja kwa mitumbwi na vikapu vyao, wakauziana samaki, chumvi na vyungu.

Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki waliingia sokoni na kufyatua risasi. Akina mama walikimbilia mitumbwi; wengi walizama majini. Waliokuwepo walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400. David Livingstone, aliyekuwa Nyangwe tangu Machi, aliona. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika habari hiyo juu ya kurasa za gazeti kuukuu.

Habari hiyo iliposomwa Uingereza, iliwatia nguvu waliodai biashara ya watumwa ikomeshwe. Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Mahali pale, Mkunazini, pakajengwa kanisa la Kianglikana ambalo lingali limesimama. Anayelitembelea anagusa pia habari za mama zetu wa Lualaba.

Kwetu mateso hayakuishia hapo. Machi 1893, askari wa Dola Huru la Kongo, wakiongozwa na Dhanis, waliiteka Nyangwe. Aprili wakaingia Kasongo. Mfalme Leopold II alisema anapiga vita utumwa, lakini chini ya utawala wake watu walilazimishwa kuleta mpira na pembe.

Kwa hiyo tusiende Nyangwe kumsifu mzungu, wala kuwanyoshea kidole jirani zetu Waislamu. Hata Kiswahili tunachohubiria kilifika kwetu na misafara ileile. Mungu alikigeuza kibebe Injili, lakini njia kilikopita tusiifiche.

Katika Yoshua 4, Israeli waliweka mawe kumi na mawili ili watoto wakiuliza, wazazi wawe na jibu. Vijana wa parokia wanapokwenda Nyangwe, tunawaomba wafanye mambo matatu: wanyamaze kidogo kabla ya kupiga picha, wasome sura hiyo, kisha wawaulize wazee wa pale walichosikia kwa babu na bibi zao. Wawaulize Wakristo na Waislamu. Waandike majibu katika daftari la parokia, kwa maana wazee wakituacha, jibu nalo linazikwa.