Mpeleke mtoto kwenye tamasha la kwaya, lakini linda masikio yake

Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama ya KKKT, Dar es Salaam, ikitangazwa kuimba, wazazi wengi huwahi viti vya mbele. Nani asingependa mwanawe awaone kwa karibu waimbaji wa ‘Hakuna Mungu Kama Wewe’?

Nami niliwahi viti hivyo mwaka jana, kwenye tamasha la kwaya nyingine. Nilimkalisha mpwa wangu wa miaka mitano hatua chache kutoka kwenye spika. Usiku akaniuliza, “Anti, mbona sikioni kuna nzi?” Ulikuwa mlio unaobaki baada ya kelele kubwa. Asubuhi ulikuwa umekwisha.

Si kila mara huisha. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Usikivu uliopotea hivyo haurudi.

Kipimo ni rahisi. Ukilazimika kupaza sauti ili aliye karibu nawe akusikie, hapo pana kelele mno kwa mtoto. Kaeni katikati au nyuma, mbali na spika. Mtoe nje mara kwa mara masikio yapumzike. Pamba haitoshi, tafuta vizuia kelele vya watoto vinavyofunika masikio.

Mlio ukizidi siku moja, au mtoto akianza kuuliza “umesemaje?” kila mara, mpeleke hospitali akapimwe.

Sauti za kwaya humfikia hata aliyekaa nyuma. Viti vya mbele waachieni watu wazima.