Fundi umeme: Kabla hajapanda darini, akuonyeshe leseni!

Haya vijana wenzangu wa Tunduma, Mlowo na Vwawa, wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo. Leo nataka tuongee kuhusu kitu kinacholala nanyi chumbani kila usiku wala hamkionei wivu. Umeme!

Mji wetu unajengwa, hilo halina ubishi. Tangu Songwe ikatwe kutoka Mbeya na kuwa mkoa wake mwaka 2016, na tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, ukipita Mpemba au Chapwa unakutana na matofali kila kona. Kijana kapata mshiko wa mahindi, kaanzisha msingi. Dada kakodi fremu, anataka saluni yenye mashine za kukaushia nywele. Wote wana namba ya fundi umeme kwenye simu. Waulize wamempataje: "Ni mshikaji tu, alimfungia jamaa mmoja pale Majengo, akamaliza fasta." Uliza kama ana leseni, wanakucheka. Eti leseni ya kufunga taa!

Mimi nasema wasicheke. Siku soketi ikianza kunuka moshi saa nane usiku, swali litakuwa moja tu: nani anajibu kwa kazi hii? Na jibu lake lilipaswa kutafutwa kabla waya wa kwanza haujaingia ukutani.

CHETI SI LESENI

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Fundi anatoa cheti cha VETA, kina nembo na picha yake, nawe unaridhika. Cheti ni kizuri, bwana, kinasema huyu amefundishwa na amefaulu. Lakini ruhusa ya kufunga umeme kwenye nyumba ya mtu hapa Tanzania Bara inatolewa na EWURA, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Cheti ni ngazi ya kupandia. Leseni ni kitu kingine.

Kwa sisi watu wa boda mfano uko barabarani. Nenda pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Zambia, muulize dereva yeyote kama cheti cha chuo cha udereva peke yake kinamvusha mbele ya trafiki. Atakushangaa! Basi na fundi umeme ni hivyo hivyo.

Leseni yenyewe ina daraja, linaandikwa kwa herufi kama A, B, C, D au W. Herufi hiyo ndiyo inayoonyesha kazi za mwenye leseni zinaishia wapi. Nyumba ya vyumba vitatu yenye umeme wa njia moja haihitaji mtu wa daraja la viwanda. Lakini kama dingi wako anataka kufunga mashine ya kukoboa mpunga inayotumia umeme wa njia tatu, usilete mtu ambaye herufi yake haifiki huko. Muulize mwenyewe, asome, akuelezee.

Na kuna wale wanaokuja na fulana yenye nembo wakisema, "Mimi ni wa TANESCO, usihofu." Fulana si leseni, kitambulisho cha kazi nacho si leseni ya EWURA. Tena malipo ya TANESCO yanalipwa kwa namba ya malipo, hayawekwi mkononi mwa mtu. Anayetaka mshiko mkononi ili "akusogezee faili" ndiye yule mtaani tunayemwita kishoka.

MUHURI WA KUNUNUA

Sasa njoo kwenye noma yenyewe. Ili uunganishiwe umeme, TANESCO wanataka kazi ya ndani iwe imefanywa na mkandarasi mwenye leseni, fomu iwe na muhuri wake, na mchoro wa nyaya uwepo. Watu wakisikia hivyo wanapumua: "Aah, kumbe serikali inaangalia!"

Polepole. Nilikaa kijiweni Sogea na fundi mmoja, kijana mchangamfu, hana leseni na hafichi. Nikamuuliza, kaka, fomu za wateja wako zinapitaje? Akacheka. "Kuna bro mwenye muhuri. Nampelekea fomu, namwachia chochote, anagonga."

"Anakuja kuangalia nyumba?"

"Aje kufanya nini? Ananiamini."

Umeona mchezo huo? Fomu inasema mkandarasi fulani kafunga na kapima. Ukweli ni kwamba hajui hata nyumba iko mtaa gani. Siku kikiwaka, mwenye muhuri atasema hakufika, na aliyefika kabadilisha laini ya simu. Wewe utabaki na majivu na nakala ya fomu. Kwa hiyo ukiona muhuri, bado hujamwona mkandarasi. Mtake afike mwenyewe, wewe ukiwepo.

KWA NINI AFIKE?

Kwa sababu kasoro mbaya za umeme hazionekani kwa macho. Taa inawaka, redio inaimba, kila mtu anasema kazi bomba. Lakini angalia mambo haya mawili.

Kwanza ni unene wa waya. Kwa kawaida taa hupewa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko la umeme 4 au 6. Anayebana matumizi anapitisha waya wa 1.5 kwenye soketi, halafu anaweka sakiti breka kubwa ili isikatike-katike. Wewe unachomeka pasi na jagi la umeme kwa pamoja, waya unapata moto ndani ya plasta, na breka imetulia tu kwa sababu kwake huo bado si mzigo mkubwa.

Pili ni ethi, ule waya wa kijani na njano unaokwenda kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini. Umeme ukivuja kwenye bati la friji, njia yake ya kukimbilia ni hiyo, na breka inakata. Ethi isipokuwepo, njia inakuwa mwili wako. Halafu tukumbuke hali ya hewa ya kwetu. Fimbo fupi iliyopigwa mwezi Januari udongo ukiwa umelowa inaweza kuonekana safi, ikifika Septemba ardhi imekauka na haipitishi umeme vizuri. Ile testa ya bisibisi anayoichomeka masikioni haiwezi kukuambia hayo. Inataka vipimo vyenyewe: cha ethi, na kile mafundi wanachokiita mega kinachoonyesha kama nyaya zinavujisha. Ombe pia kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Hicho ndicho kinachowahi kabla moyo haujasimama.

TUSIMTUPE FUNDI WA MTAANI

Sisemi fundi asiye na leseni hajui kazi. Yule wa Sogea aliniambia amefunga nyumba nyingi kuliko umri wake, nami namwamini. Wengine wanatoka hapo Nakonde, mikono yao safi kabisa. Ila uhodari bila ruhusa ni sawa na gari zuri lisilo na bima. Na kwa wa ng'ambo, akifanya kazi upande huu anahitaji ruhusa ya upande huu, hata kama amefunga nusu ya mji wa kwao.

Njia ipo. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanampima mtu aliyejifunza kazini na akifaulu wanampa cheti. Akishakuwa na cheti kinachokubalika anaweza kuomba leseni EWURA. Na kabla hajafika huko anaweza kufanya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni anayesimamia kweli, si wa kugonga muhuri. Kaka yangu wa kijiweni, hii ni yako!

Na wewe mwenye chumba kimoja au viwili kule vijijini Momba na Mbozi, kabla hujaingia gharama za kutandaza nyaya uliza habari za UMETA, kile kibao cha umeme tayari kinachosambazwa kupitia miradi ya REA. Kinakuja na swichi na soketi zake, nyumba ndogo haihitaji waringi nzima.

MASWALI YA KUMBANA NAYO

Kata sehemu hii, ibandike ukutani. Kabla hujatoa hata senti, mwambie fundi kwa heshima:

1. Naomba kuona leseni yako ya EWURA. Linganisha jina na kitambulisho chake, angalia na tarehe ya kuisha.

2. Daraja lako linaruhusu kazi yangu? Usiishie kwenye jibu lake. Chukua namba ya leseni ukaihakiki EWURA, na sisi ofisi yetu ya kanda iko Mbeya.

3. Nani atakuwepo darini? Kama ni vijana wake, mwenye leseni atakuja siku gani kukagua?

4. Naomba nakala ya mchoro. Miaka mitano ijayo ukitaka kupigilia msumari wa televisheni, utanishukuru.

5. Utapima mbele yangu na kuniandikia matokeo? Malipo ya mwisho yasubiri hapo.

Fundi wa kweli hakasiriki kwa maswali haya. Anayenuna na kusema "kumbe huniamini", muage vizuri, mtafute mwingine.

Na wewe mpangaji usijifanye hayakuhusu. Friji likikutekenya ukiligusa, soketi ikiwa ya moto au ikinuka, zima meni swichi na umwambie mwenye nyumba siku hiyo hiyo, tena kwa ujumbe wa maandishi. TANESCO mpaka wao ni mita, ndani ni mzigo wa mwenye nyumba. Moto ukishaanza usimwage maji kwenye umeme. Tokeni nje, piga 114, hao ni Zimamoto.

Jumamosi hii, badala ya kuulizana nani kaachana na nani, mpigie fundi wako umwombe picha ya leseni. Akikutumia, hakiki. Akianza kuzunguka mbuyu, umeshapata jibu. Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi!