Upepo wa Tezi na Mti wa Kutanulia Tanga

Kutoka Las Palmas, katika Visiwa vya Kanari, hadi Saint Lucia katika Karibea ni takriban kilometa 5,000, na karibu njia nzima upepo huvuma kutoka nyuma. Asiyeijua bahari ataiita neema tupu. Wanaovuka kwa mashua ndogo za matanga, mara nyingi mke na mume peke yao, wanajua kwamba upepo huo wa tezi una masharti yake.

Kwanza, hudanganya. Upepo ukivuma kilometa 36 kwa saa, na mashua ikaenda nao kwa kilometa 12, aliye sitahani huhisi 24 tu. Nguvu ya upepo hufuata kipeo cha pili cha kasi yake, kwa hiyo tanga hupokea chini ya nusu ya nguvu ambayo lingepokea mashua ikiwa imetia nanga. Ndiyo sababu watu hushawishika kutweka matanga makubwa. Lakini mtu akianguka baharini na mashua ikalazimika kurudi, mwendo wake sasa hujumlishwa na upepo. Kasi inayohisiwa hupita 40, na nguvu huwa karibu mara tatu kwa ghafla.

Pili, tanga la mbele hukosa utulivu. Tanga kuu hulikinga na upepo, mashua huyumba, nalo hulegea na kupigapiga hadi kuchanika. Tanga la jahazi limefungwa kwenye foromali inayolitandaza. Tanga la mbele la mashua hizi halina foromali. Limeshikwa kwenye waya wa omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, na pembe yake ya nyuma iko huru. Hapo ndipo mti unapohitajika.

Mti huo huwa wa alumini au kaboni, ncha moja mlingotini, nyingine nje juu ya maji. Uzuri wake wote uko kwenye kamba tatu: moja huuinua, ya pili huuvuta mbele na chini, ya tatu huuvuta nyuma. Zikikazwa, mti husimama imara hata bila tanga. Demani, yaani kamba inayovuta pembe ya nyuma ya tanga, hupita kwenye taya iliyo kwenye ncha ya nje ya mti bila kufungwa, hivyo dhoruba ikija usiku wa manane baharia huviringisha tanga akiwa nyuma karibu na usukani, na mti hubaki palepale. Hakuna anayekwenda omo gizani. Ila taya hiyo husaga kamba kila mashua inapoyumba. Mabaharia makini huisogeza demani kidogo kila siku ili isiliwe mahali pamoja.

Mti huu si jambo jipya: mwaka 1933 mchoraji Mfaransa Marin-Marie alivuka Atlantiki peke yake katika Winnibelle, akiwa na matanga mawili ya mbele, kila moja na mti wake, na kamba zake zikiwa zimeunganishwa na usukani. Mashua ilipopotoka, tanga la upande mmoja lilivuta zaidi na kuirudisha njiani.

Siku hizi wengi huuziwa jenaka, tanga la nailoni lisilohitaji mti. Ni tanga zuri, lakini haliendi moja kwa moja na upepo. Mashua lazima ikate pembeni. Ikikata nyuzi 30, njia hurefuka kwa asilimia 15, na iliyokuwa ikienda kilometa 12 kwa saa inahitaji karibu 14 ili ifike wakati uleule. Mashua nzito yenye urefu wa mita 8.5 kwenye usawa wa maji hugoma kwenye 13 hivi, kwa kuwa imenaswa katika wimbi inalolitengeneza yenyewe. Kwa upepo mkali, basi, mti hushinda.

Upepo ukipungua hesabu hubadilika, maana mashua bado ina nafasi ya kuongeza mwendo. Hapo jenaka hustahili gharama yake, ikiwa na mfuko mrefu wa kuifunika kutoka juu hadi chini wakati wa kuishusha, na ikishushwa kabla ya jua kuzama.